Mstaafu si Marehemu



Haupiti mwaka bila wanafunzi wetu wa sekondari kupewa mada ya insha au ya mjadala isemayo kwamba makao ya wazee ni aibu kwa Mwafrika. Msahihishaji huijua insha yenyewe kabla hajafungua daftari. Mwanafunzi huanza kwa kusema kuwa Mzungu humtupa mzazi wake katika nyumba ya wazee. Kisha husema kuwa Mwafrika humheshimu mzee, humketisha chini ya mti na kumsikiliza akitoa hadithi na methali. Mwisho hufunga kwa kuandika kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Insha hiyo hupewa alama nzuri. Sisi twasema kwamba insha hiyo, hata kama sarufi yake haina kasoro, ina upungufu wa namna mbili: haielezi ukweli wa wale wageni inaowasema, wala haielezi ukweli wetu wenyewe.

Makala haya hayakusudii kuwasifu wageni ili kuwatweza wenyeji. Tunalotaka kusema ni neno moja tu, nalo ni hili: mtu aliyeacha kazi hajaacha uraia wake, wala hajaacha kicheko chake. Mahali popote panapomnyima mzee viwili hivyo, pawe ni nyumbani kwa mwanawe wa kuzaa au katika mji wa wazee watupu, pamemzika kabla ya siku yake. Na popote panapompa viwili hivyo, hakuna haki ya kupaita mahali pa aibu, ati kwa kuwa hapafanani na kijiji kinachochorwa katika vitabu vya kiada.

Madhali sisi ni walimu wa lugha, na tuanze na neno lenyewe. Neno kustaafu tumelipata katika Kiarabu, na huko asili yake ni kuomba kusamehewa kazi, yaani kuomba ruhusa ya kuiacha. Kinachoachwa ni kazi. Neno halisemi zaidi ya hapo. Lakini sikilizeni jinsi linavyotumiwa katika vyumba vya walimu. "Mwalimu fulani yuko wapi siku hizi?" "Ah, yule alistaafu." Na sauti hushuka kama inavyoshuka mtu anapotaja jina la aliyefariki. Hufuata habari za kiinua mgongo kilichochelewa, za miguu ivimbayo, na za shamba alilorudi kulima. Hakuna aulizaye kama bado anacheka, wala kama bado anahudhuria mikutano ya kijiji chake. Ofisini nako, jina lake limekwisha kukatwa kwa kalamu nyekundu. Mstaafu amegeuzwa kuwa marehemu anayekula.

Hebu sasa tuwatazame hao wanaosemwa kuwa wametupwa. Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, ulianzishwa mwaka 1954 mji mdogo uitwao Youngtown, ambao nyumba zake ziliuzwa kwa watu wazima waliokwisha kuacha kazi. Miaka michache baadaye, tarehe 1 Januari 1960, kampuni ya mjenzi Del Webb ilifungua jirani yake mji mkubwa zaidi, Sun City, katika nchi kavu iliyo karibu na Phoenix. Palikuwa na nyumba za mfano, duka, uwanja wa gofu na jumba la michezo. Watu wapatao 100,000 walifika kuutazama katika siku tatu za mwanzo. Wengi walinunua. Wazee hao hawakubebwa na watoto wao kama mizigo. Walikwenda kwa miguu yao na kwa fedha zao, na baadhi yao waliwaacha watoto wao wakishangaa.

Na wafanyapo huko ni nini? Hufinyanga vyungu, huchonga mbao, hushona, hucheza dansi, na huendesha vigari vya gofu barabarani kama vijana wa mjini waendeshavyo pikipiki. Tangu mwaka 1979 kipo kikundi cha wanawake wa miaka 55 na zaidi, wakiwamo waliopita miaka 80, ambao huvaa mavazi yang'aayo, hushika mashada ya nyuzi mikononi, na kucheza mbele ya maandamano kama wasichana wa chuo wanaoshangilia timu yao. Katika jimbo la Florida, katika mji wa St. Petersburg, kipo chama cha mchezo wa mpira wa kupiga kwa gongo kilichoanzishwa mwaka 1930, ambacho kilipoanza hakikumpokea mchezaji ambaye hajatimiza miaka 75. Mwenye miaka 70 aliambiwa angoje akue. Hata wachezaji wenyewe huvaa nguo nyeupe na tai ndogo ya kipepeo, kana kwamba wanakwenda harusini. Mambo haya ni mzaha, na wenyewe wanajua kuwa ni mzaha, na ndiyo sababu yanafaa. Mtu anayeweza kuufanyia mzaha umri wake hajashindwa nao.

Zaidi ya mzaha kuna kazi ya umma. Sun City haina meya wala baraza la manispaa, kwani wakazi wake hawakutaka kuwa manispaa. Mambo mengi ambayo kwingine hufanywa na watumishi wa mji, pale yamefanywa kwa vyama vya wakazi wenyewe. Lipo kundi la wazee wa kujitolea linalosafisha kando za barabara na kupalilia magugu. Lipo kundi jingine linalofanya doria na kuwasaidia askari wa sherifu. Wako wanaoketi katika kamati za fedha, wakibishana juu ya ada na matengenezo kwa ukali uleule waliokuwa nao walipokuwa na miaka arobaini. Mwanafunzi anayeandika kwamba watu hawa wamekaa kitako wakingoja kifo anaandika juu ya watu asiowajua.

Lakini tusiache upande mmoja wa kesi usikike na mwingine unyamazishwe. Mji huo una kasoro kubwa, na kwa mwalimu kasoro hiyo ni ya kuogofya. Kwanza, anayeingia ni mwenye fedha za kununua nyumba, na kwa miaka mingi karibu wote walioingia walikuwa watu weupe. Pili, mji uliwekewa sharti la umri: watoto huja kama wageni, hawaruhusiwi kukaa. Sheria ya nchi imekubali sharti hilo. Kwa mujibu wa mageuzi ya mwaka 1988 na ya mwaka 1995, makao ya aina hii yaweza kuwakataa wenye watoto iwapo angalau asilimia 80 ya nyumba zenye wakazi zina mtu wa miaka 55 au zaidi. Basi tazameni matokeo. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakazi wa Sun City walipiga kura tena na tena kuikataa mikopo ya kujengea shule katika wilaya ya elimu ya Peoria waliyokuwamo. Walisema watoto wao wamekwisha kusoma. Mwishowe mji wao ukatolewa kabisa katika wilaya hiyo, ili watoto wa wengine wapate madarasa.

Huo nao ulikuwa ushiriki katika mambo ya umma. Walijiandikisha, walikwenda vituoni, walihesabu kura. Raia wema kwa kila kipimo cha vitabu vya uraia, ila kimoja: hawakuwa na mtoto mbele ya macho yao. Mzee asiyemwona mtoto kwa mwaka mzima husahau kwamba shule si gharama tu. Majirani zao wa Youngtown walipata mtihani wao pia, ulipozuka ugomvi juu ya kijana mmoja aliyekuja kuishi kwa babu na bibi yake. Na mwaka 1998 sharti la umri la mji huo likaondolewa. Ama kweli, sheria inayomkataza bibi kumpokea mjukuu ni sheria ambayo hata mwenye kuitunga hana budi kuionea haya.

Kwa hiyo tunalotaka kuchukua kwao ni kicheko na kazi. Uzio wao tunawaachia wenyewe. Wala si sisi wa kwanza kusema hivyo. Mmarekani Maggie Kuhn alilazimishwa kuacha kazi yake katika kanisa mwaka 1970 kwa sababu ametimiza miaka 65. Badala ya kwenda kupumzika, alianzisha mwaka huohuo, pamoja na wenzake, harakati iliyokuja kujulikana kwa jina la Gray Panthers, iliyokuwa na makao yake katika mji wa Philadelphia, na akawaingiza vijana ndani yake tangu mwanzo. Yeye mwenyewe aliishi katika nyumba yake pamoja na watu wa umri mdogo, na aliipinga waziwazi desturi ya kuwatenga wazee katika miji yao. Alikuwa mcheshi sana, na alijua kuutumia ucheshi wake kama silaha mbele ya wakubwa.

Turudi sasa kwetu Uganda, na tuulize: je, sisi tuna nini? Wako wasemao kwamba sisi tuna jamaa, na kwamba jamaa inatosha. Tunaiheshimu jamaa. Lakini jamaa inayosemwa katika insha ni ya zamani, na jamaa iliyopo ni nyingine. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipowaua wazazi vijana huko Rakai, Masaka na kwingineko, akina jjajja, kama tuwaitavyo hapa, ndio waliobaki na wajukuu, wakawalisha na kuwapeleka shule. Hapo mzee hakuwa akitunzwa. Mzee ndiye aliyetunza. Na watoto waliosalia wakahamia Kampala, Nairobi, Juba na nchi za Ghuba kutafuta riziki, wakawa wanatuma fedha kwa simu. Fedha ni kitu chema. Lakini fedha haichezi mweso, wala haijibu utani.

Hapa kwenye utani ndipo insha inapokosea zaidi. Huko kuketi chini ya mti kunakosifiwa si kuketi na wajukuu peke yao. Mtoto akaapo mbele ya mzee hukaa kwa adabu, naye mzee hukaa kwa heshima, na adabu na heshima zikikutana kicheko hupungua. Kweli, katika makabila mengi ya Afrika Mashariki bibi humwita mjukuu wake mume wangu, na mjukuu humjibu bibi kwa mizaha ambayo hangethubutu kumwambia mama yake. Hiyo ni hazina, na tusiipoteze. Hata hivyo, iko namna ya kucheka inayomtaka mtu wa hirimu moja nawe: aliyeimba nyimbo zilezile, aliyemjua mwalimu mkuu yuleyule mwenye bakora, anayekumbuka ni nani aliyeanguka baiskelini siku ya gwaride. Mzee anayeishi kati ya watu wazuri ambao hakuna hata mmoja anayekumbuka anachokikumbuka, ana upweke ambao chakula chema hakiuondoi. Watu wa pwani walilijua hilo walipojenga baraza za mawe mbele ya nyumba zao, na watu wa huku bara walilijua walipoweka ubao wa mweso mahali pa wapita njia.

Wala baraza haikuwa mahali pa kupiga soga tu. Pale ndipo mkuu aliyezidi kiburi alipopewa jina la utani, na jina likamshika hata akajirekebisha. Pale ndipo habari ya kisima kilichoharibika ilipojulikana kabla haijafika ofisini. Wazee wanaocheka pamoja ni vigumu kuwadanganya, kwa maana kila mmoja anakumbuka ahadi ya uchaguzi wa nyuma, na akisahau mmoja, mwenzake atamkumbusha kwa mzaha. Mtawala mbaya hamwogopi mzee aliaye peke yake chumbani. Huwaogopa watano wacheka kwenye baraza. Ndiyo maana tunavitaja kicheko na uraia kwa pumzi moja.

Sheria za nchi yetu zimekwisha kufungua mlango. Katika mabaraza ya serikali za mitaa zimewekwa nafasi za wazee, mwanamume na mwanamke. Mwaka 2013 ilitungwa sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Wazee. Tangu uchaguzi wa mwaka 2021, Bunge limekuwa na wabunge watano wanaowawakilisha wazee. Kadhalika ruzuku ya wazee ilipoenezwa nchi nzima mwaka 2020, wenye miaka 80 na zaidi walipangiwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Si nyingi, na anayestaafu akiwa na miaka 60 ana miaka ishirini ya kuingoja, lakini imekiri kwamba mzee ana haki kwa nchi yake na si kwa mwanawe tu. Zanzibar nayo, ambako lahaja ya Kiunguja ndiyo msingi wa Kiswahili sanifu tunachofundisha, ina makao ya wazee huko Sebleni na Welezo, na mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70. Basi mwanafunzi anayeandika kwamba makao ya wazee ni mambo ya Wazungu aelezwe kuwa yako pia katika kisiwa ilikotoka lugha anayoiandikia.

Shida ni kwamba kiti kimewekwa, na nyuma ya kiti hakuna baraza. Mwakilishi wa wazee huingia mkutanoni bila kutumwa na mtu, kwa kuwa wale anaowawakilisha hawakutani. Atasema nini? Atashukuru kwa kualikwa, atakunywa soda, atarudi nyumbani. Hatumlaumu yeye. Mjumbe hupata nguvu kwa waliomtuma, na waliomtuma wametawanyika, kila mmoja uani kwake.

Wako wengine katika bara letu walioonyesha njia bila kungoja mtu. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza mabibi wa mtaani jinsi ya kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Mabibi hao huketi kwenye benchi nje ya zahanati, na mwenye taabu huketi kando yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, mabibi walianzisha timu ya kandanda iitwayo Vakhegula Vakhegula, na mwaka 2010 wakasafiri hadi Marekani kucheza. Hakuna aliyeweza kuwaambia hao kwamba kazi ya mwanamke mzee ni kukaa jikoni na kutoa methali.

Tumefika sasa kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Katiba ya chama chetu, chama cha walimu wa Kiswahili, yasema kwamba mwanachama ni mwalimu aliye kazini. Anapotimiza miaka 60 na kupokea barua yake, jina lake hutoka katika daftari, hapati tena jarida hili, haitwi mkutanoni, na hawezi kupiga kura. Hupewa sherehe, blanketi, na hotuba inayomwita maktaba inayotembea. Baada ya hapo maktaba hufungwa na ufunguo hutupwa.

Na haya yanatendeka wakati gani? Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika mageuzi ya katiba ya mwaka 2005. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu siku hiyo kilio ni kimoja katika kila mkutano wetu: walimu hawatoshi. Chama kinalilia walimu kwa jicho moja, na kwa jicho la pili kinawasindikiza walimu mlangoni. Wanaosindikizwa ni wale waliokifundisha Kiswahili zamani za dhiki, kilipokuwa kikidharauliwa kuwa lugha ya askari na wanyang'anyi, na wakakishikilia kwa meno. Hao ndio ambao leo hawana ruhusa ya kunyosha mkono mkutanoni.

Mwalimu wa Marekani, Ethel Percy Andrus, aliyekuwa mkuu wa Shule ya Sekondari ya Lincoln huko Los Angeles tangu mwaka 1916 hadi 1944, alikutana na jambo la namna hii. Inasimuliwa kwamba baada ya yeye mwenyewe kustaafu alimkuta mwalimu mstaafu akiishi katika banda la kuku, kwa kuwa pensheni haikumtosha kodi. Hakuandika insha juu ya aibu. Mwaka 1947 alianzisha chama cha taifa cha walimu wastaafu. Mwaka 1954 chama kikafungua makao ya walimu wastaafu katika mji wa Ojai. Mwaka 1956 kikawapatia bima ya matibabu iliyokuwa ikinyimwa wazee. Na mwaka 1958 alianzisha chama cha wastaafu wa kazi zote, ambacho leo wanasiasa wa nchi ile hawathubutu kukipuuza. Mwanzo wa yote hayo ni walimu waliokataa kukatwa majina.

Tunajua majibu tutakayopewa, na yafaa tuyajibu mapema. Wengine watasema: wazee hawana ada ya uanachama. Basi walipe nusu, au wasilipe. Chama ambacho thamani ya mtu ndani yake hupimwa kwa ada kitofautiane nini na duka? Wengine watasema: wakibaki, watawabana vijana na kutawala kila kikao. Hofu hiyo si bure, kwani wako wazee wapendao kiti kuliko kazi. Lakini dawa yake ni kuweka ukomo wa vyeo, si kuwafukuza watu. Sun City imetufunza madhara ya umri mmoja kukaa peke yake, na chama cha vijana watupu kina uzio wake pia, hata kama hakionekani. Wengine, walio wapole zaidi, watasema: waacheni wapumzike, wamechoka. Hao ndio tunaowapinga kuliko wote, maana upole wao ndio blanketi lenyewe. Mtu hupumzika kazi, hapumziki watu.

Tunapendekeza basi mambo manne. La kwanza, kifungu cha uanachama kirekebishwe, ili mwalimu wa Kiswahili awe mwanachama hadi kufa kwake, apate jarida na apige kura. La pili, kila tawi lianzishe baraza la wastaafu likutane mara moja kwa mwezi. Sehemu ya kwanza ya mkutano iwe ya mweso, majibizano ya mashairi, mafumbo na utani, wala pasiwe na hotuba ya mgeni rasmi. Sehemu ya pili ijadili jambo moja la umma, kama bajeti ya kata, dawa za zahanati au paa la shule, na baraza limtume mjumbe wa wazee kulisema katika halmashauri, kisha arudi kueleza alivyojibiwa. La tatu, baraza hilo likutane katika uwanja wa shule, siku ya masomo, ili mzee asiusahau uso wa mtoto, na mtoto ajue kwamba mtu wa miaka 70 hucheka kwa sauti. La nne, wastaafu wanaotaka, na wanaotaka tu, waitwe kuwaongoza walimu wapya wa Kiswahili, na walipwe posho yao siku ileile.

Na ile mada ya insha? Hatusemi ifutwe. Igeuzwe. Kila msimu wanafunzi hutumwa kwa wazee na madaftari, kama watu wanaotumwa ghalani, wakusanye methali na habari za zamani, kisha waondoke. Watumwe sasa na swali ambalo mzee wa kijijini haulizwi na yeyote: "Mzee, shikamoo. Kesho unataka kufanya nini?" Jungu kuu halikosi ukoko, ndiyo, lakini kwa nini kila mmoja anafikiria kulikwangua, na hakuna anayefikiria kulibandika tena jikoni?

Sisi tunaoandika haya tumo katika miaka ya arobaini. Kalamu nyekundu haijatufikia bado, wala hatutetei matumbo yetu. Mkutano mkuu ujao utakapotangazwa, tutakiweka kifungu hicho mezani, na tunawaomba wenzetu wa matawi yote wajadiliane juu yake kabla ya kuja. Tunawaomba tena waje na wastaafu wao, hata kama katiba ya sasa itawataka wazee hao wakae madirishani. Kama ndivyo, na wakae madirishani, na wacheke kwa sauti kubwa, mpaka mwenyekiti aone haya na kuwafungulia mlango.